Mlango wa Darasa la Pili

Mvua ya Mayo haipigi hodi.
Inaingia na watoto, ndani ya soksi,
ndani ya nywele za Fiadh, ndani ya mfuko wa Donncha
aliyeokota jiwe tena
na kulilaza mezani taratibu kama yai.

Ijumaa, saa saba na nusu. Hesabu zimefungwa.
Nimetandaza magazeti, nimemimina
rangi tano katika vikombe vya mtindi.
Ikifika saa nane zote zitakuwa moja,
ile isiyo na jina, ya tope la zizini,
nami nimeshaacha kuisikitikia.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na vielelezo:
kondoo wa kukata, kondoo wa kubandika,
pamba hapa, jicho hapa, gundi kidogo tu.
Kondoo ishirini na wawili ukutani, kama waliofyatuliwa,
na mkaguzi akasifu usafi.
Jioni nikabaki nikiwatazama, wananitazama,
nisijue yupi ni wa nani.

Cathal leo amepaka karatasi nzima kahawia.
Pembe hadi pembe, hadi meza ikapata yake.
"Ni nini hiki?" nauliza, swali baya,
miaka yote hii na bado linaniponyoka.
Ananiangalia kama niliyesahau jina lake.
"Ni udongo wetu wa kuchoma, mwalimu.
Baba yumo. Anaukata.
Humwoni kwa sababu ameinama."

Kisha filimbi. Filimbi za bati kumi na tisa
na hakuna mbili zilizopatana.
Mwalimu mkuu anapita ukumbini, anatabasamu kwa meno,
anaufunga mlango wetu, nao unalia
mlio wake wa siku zote, mrefu, wa bawaba kavu.
Sijali. Nilipokuwa na miaka saba,
mtawa mmoja aliinama sikioni mwangu:
"Attracta, wewe chezesha midomo tu."
Nikachezesha midomo miaka thelathini,
kanisani, harusini,
na juu ya keki za wanangu mwenyewe,
mishumaa ikiyeyuka, mimi samaki.
Basi, pulizeni. Pulizeni hadi madirisha yaombe radhi.

Mwisho, mchezo. Mjane, usiku, mgeni aliyelowa.
Wote wanataka kuwa ng'ombe. Sawa:
ng'ombe wanane. Dhoruba ni Fiadh na bati la kuokea.
Tadhg amesimama katikati ya viti viwili,
mkono mmoja ameunyoosha, kimya,
kimya kile kile alichokuja nacho Septemba
na ambacho hatujakigusa, tumekizunguka tu
kama watu wanavyozunguka kisima.
"Na wewe ni nani, mpenzi?"
Ndimi niliyeuliza. Wao hawakuhitaji.
"Ni mlango," Donncha akasema, "huoni?"

Mgeni akabisha begani kwake, ngo, ngo.
Mkono ukafunguka. Akapita.
Ng'ombe wakabisha mmoja mmoja, kwa adabu ya ajabu,
na kila mara mkono, wazi, fungwa, wazi.
Ng'ombe wa sita, sijui kwa nini wa sita,
mkono ukaanza kusogea,
na kooni mwa Tadhg kukatoka mlio,
mwembamba, mrefu, unaopanda mwishoni:
kriiiiii.

Fiadh akalishusha bati.
Hata mvua, ningeapa.
Naye, bila kumtazama yeyote, akaufunga mkono,
na mlio ukarudi ulikotoka, kinyume, sahihi kabisa,
na hapo ndipo nikaujua.
Ulikuwa wa mlango wetu.
Miezi yote hii nilidhani hasikii kitu.

Ng'ombe wa saba akabisha.

Kwenye fomu ya ripoti, mstari wa maigizo
una upana wa kidole. Nimeuacha wazi kwanza.
Jumatatu Bwana Hession anakuja na kopo la mafuta
kutia bawaba za shule nzima.
Nimembandikia karatasi kwenye kitasa:
huu, tafadhali, usiuguse.